Mbwa Aliyeelewa Neno Pole

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfundisha mbwa wa Kireno Kiswahili. Naliandika hapa juu kabisa ili ninyi mnaoanza kazi hii mlione kabla hamjanisifu kwa lolote, na ili nisipate nafasi ya kulificha katikati ya mambo mazuri, kama ilivyo desturi yangu. Nimestaafu mbio za mbwa nikiwa na miaka ishirini na sita. Najua watu wa kawaida hustaafu wakiwa na mvi. Mimi ninazo tatu, na zote zimeletwa na mbwa mmoja mwenye uzito wa kuku wawili.

Nilianza kazi mwaka 2015 kwa Dona Lurdes, mjane wa Kireno wa hapa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, ambaye nyuma ya nyumba yake aliosha, alinyoa na kulaza mbwa wa watu waliosafiri. Mshahara na vyeo sitavitaja. Vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye mbwa na mwosha mbwa, na hakuna aliyewahi kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Siku ya kwanza nilipewa mbwa mkubwa wa kulinda nyumba. Nilimwosha mara tatu kwa sababu sikuwa na uhakika na nyuma ya masikio. Dona Lurdes alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama.

"Faustino," aliniita hivyo, ingawa jina langu ni Faustin, "huyo ni mbwa. Si kikombe cha padri."

Tuliongea Kiingereza, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

Mbwa wake mwenyewe aliitwa Piri-Piri, jike mdogo mwenye sura ya brashi ya kusugulia chupa. Nilimwambia Dona Lurdes kwamba kwetu tunasema pilipili. Akasema Wareno ndio waliotuletea. Nikasema mmetuletea mmea, jina mmelichukua kwetu. Tulibishana hadi saa nne, na muda huo wote Piri alikuwa anakula sabuni.

Piri alikuwa mbwa wa mashindano. Kwa asiyejua: uwanjani hupangwa vizuizi kama ishirini vyenye namba. Kuna fito za kuruka, handaki la turubai la kupita ndani, vijiti vya kusokotana navyo, ubao wa bembea, na daraja la mbao lenye miisho iliyopakwa rangi ya njano ambayo lazima mbwa aikanyage. Mbwa avifuate kwa mpangilio, bila kosa, ndani ya muda. Wewe unakimbia pembeni yake ukimwelekeza kwa sauti na mikono. Humgusi, huna kamba, huna chakula. Dona Lurdes alikuwa akikimbia mwenyewe hadi nyonga yake ilipogoma.

Asubuhi moja aliniuliza, "Faustino, unaweza kukimbia?"

"Kukimbia kwenda wapi?" nikauliza haraka. Mgeni akiulizwa swali hilo Johannesburg hutaka kwanza kujua nani anakuja nyuma.

Nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video kwenye simu, sauti nikiwa nimeizima kwa sababu nilijificha kwenye chumba cha kukaushia mbwa na sikutaka mtu ajue kwamba sijui. Kwa hiyo kwa miezi miwili nilijua vizuri namna ya kurusha mikono bila kujua wanachosema. Vizuizi nilivitengeneza mwenyewe: mabomba ya plastiki ya fundi wa maji, vijiti vya mopu, handaki la kuchezea watoto, na ubao juu ya kopo la rangi. Nilipima umbali kwa futi ya cherehani ya jirani. Kama nafasi kati ya vijiti ilizidi kwa upana wa kidole, nilivichomoa vyote na kuanza upya. Piri alikaa kivulini akinitazama kama mkaguzi wa serikali aliyekwisha andika ripoti yake.

Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho. Kiingereza nilikionea aibu. Ningepaza sauti mbele ya wenye lugha yao, nikose kidogo tu, wote wangesikia. Nikachagua Kiswahili, nikiamini kwamba uwanjani hakuna atakayejua nikikosea. Ruka. Ingia. Soka, yaani sokota, kwa vijiti. Polepole, kwa daraja, ili apunguze mwendo na kukanyaga njano. Kushoto. Kulia. Na wakati wa bakuli jioni, nilipomruhusu kuanza, nilisema: kula!

Kama ninyi ni Waswahili mmekwisha cheka. Mimi sikuona kitu.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa mwanzoni mwa 2016, kwenye uwanja wa klabu upande wa pili wa jiji. Vizuizi vinne vya mwanzo vilikwenda safi, moyo ukiwa umepanda hadi kwenye meno. Cha tano kilikuwa kulia. Nikapaza sauti: "Kulia!"

Piri akasimama. Akanigeukia na uso wa furaha kubwa, akatazama mikono yangu, akaona haina kitu. Kwa kuwa amri imekwisha tolewa, akatafuta mwenyewe. Alimkuta mwamuzi, mzee mrefu mwenye mfuko wa nyama kavu kwenye koti lake. Sitaeleza zaidi, ila mwamuzi alishika koti kwa mikono miwili, na filimbi ilipulizwa kwa ajili yetu.

Watu walicheka kwa adabu. Mmoja tu alicheka kama mtu anayeumwa tumbo. Alikuwa askari wa getini, ameinamisha kichwa juu ya daftari la wageni. Nilipopita karibu naye alijifuta macho.

"Mdogo wangu, Mkongo wewe?"

"Wa Uvira."

"Mimi Hamisi, wa Tanga. Hebu niambie, umemwambia mbwa 'kulia'. Ulitaka aende wapi?"

"Mkono wa kulia."

"Na kwenye bakuli unamwambiaje?"

"Kula."

"Sasa kosa la mbwa liko wapi? Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Yeye kajua maana, wewe umejua neno tu."

Kaka Hamisi aliamini kwamba Kiswahili chote kilichovuka Ziwa Tanganyika kililowa njiani. Sikumpenda siku hiyo. Lakini nilirudi nyumbani nikabadilisha neno. Kulia ikawa kuume, kama wanavyosema wazee wetu, na ilinichukua wiki sita kumshawishi Piri kwamba mgahawa umefungwa.

Kisha kulikuwa na suala la Jumapili. Mashindano mengi huwa Jumapili, na mimi niliishi kwa shangazi yangu Furaha, msusi mwenye kiti chake karibu na Joubert Park. Shangazi huyu aliitwa na Mungu kanisani kila Jumapili saa tatu kamili, na alitumwa aje na mimi. Nilimweleza nikiwa nimesimama nyuma ya mteja wake, ambaye kichwa kilikuwa kimesukwa nusu.

"Weye Fostini," alisema bila kuacha kusuka, "Mungu alikupitisha inchi ngapi mupaka kufika huku?"

"Nchi nne, shangazi."

"Inchi ine. Na kazi yenye alikupatia ni kukimbia na imbwa? Siku ya Bwana?"

"Ni mashindano."

"Imbwa ikishinda, weye unapata nini?"

"Utepe."

Akamwinamia mteja. "Mama, umesikia? Utepe." Mteja alitikisa kichwa, akavutwa nywele, akatulia.

Mwaka mzima nilikwenda uwanjani dhamira ikinisuta, na nadhani ilichangia makosa yetu. Kabla ya mbio, wakimbizaji huruhusiwa kutembea uwanjani bila mbwa ili kukariri njia. Ukitazama kwa mbali unaona watu thelathini wazima wakitembea kila mmoja peke yake, wanarusha mikono, wanageuka ghafla, wanamwita kiumbe asiyekuwepo. Shangazi angefika na mafuta ya upako. Mimi nilikariri kupita kiasi. Nilihesabu hatua, nilichora njia kwenye daftari kwa rula, na pakitokea mstari uliopinda nilichana ukurasa. Ushauri wa bure kwenu: chora mara moja, kwa mkono, halafu kanywe maji.

Tabu yetu kubwa ilijitokeza mwaka 2017. Nyuma ya nyumba Piri alikuwa risasi. Uwanjani alianza kama risasi, na mahali fulani katikati akageuka kuwa bibi harusi. Alitembea kwa heshima. Hakuangusha ufito, hakukosea njia, ila muda ulipita mbali kabisa. Nilibadilisha chakula chake. Nilibadilisha viatu vyangu. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, naye akamkuta mzima na kuniuliza kama mimi ninalala vizuri. Nilishuku majani makavu ya kipupwe, nilishuku jua, nilishuku ndege wale wapiga kelele wa Joburg wanaopita juu wakilia kama milango ya kanisa bovu. Kila kitu nilikishuku isipokuwa mdomo wangu.

Mwanzoni mwa 2018 Dona Lurdes aliniita jikoni. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, ishara mbaya.

"Faustino, Piri ana miaka sita. Mimi nyonga yangu ina miaka mia. Nataka kumwona akipanda kundi la juu la mashindano nikiwa bado naweza kukaa kwenye kiti pale uwanjani. Anahitaji mbio moja safi, ndani ya muda. Moja tu."

"Ndiyo, Dona."

"Nakupa hadi mwisho wa kipupwe. Asipopata, nampa Charlene akimbie naye."

Charlene alikuwa mwanachama wa klabu, mwenye mbwa wakubwa wawili na suti ya mazoezi iliyofanana rangi na kamba zao. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwangu mimi maana ilikuwa wazi: ningerudi kwenye beseni, na Piri angepanda gari la mtu mwingine kila Jumapili. Sikuwa na marafiki wengi katika mji ule. Mmoja wao alikuwa anakula sabuni.

Nilimwambia kaka Hamisi siku ya mashindano yaliyofuata, kwa sababu alikuwa mtu pekee pale niliyeweza kulalamika naye bila kutafuta maneno. Alisikiliza huku akifungua geti na kufunga.

"Mimi si mtaalamu wa mbwa," alisema. "Kwetu mbwa analinda, basi. Lakini masikio ninayo. Mbwa akifika kwenye lile daraja unamwambiaje?"

"Polepole."

"Anapunguza?"

"Vizuri sana."

"Haya. Na wewe ukichelewa kugeuka, ukamzuia njia, unamwambiaje?"

Nilifikiri. "Nadhani... pole."

"Unadhani! Fausta," naye alikuwa na jina lake kwangu, "nimekuhesabu leo. Umesema pole mara tisa. Umemkanyaga? Pole. Umerusha mkono vibaya? Pole. Ametazama kipepeo mwenyewe, pole! Sasa huyo mbwa ni profesa wa lugha, ajue ipi ni ya msamaha na ipi ya mwendo?"

Nilitaka kubisha. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni, "Pole, kaka."

"Umeona?" alisema Hamisi. "Hata mimi nimepunguza mwendo."

Basi nilikuwa nimejua ugonjwa, ila dawa ilikuwa ngumu. Kubadilisha neno la daraja kungechukua miezi ambayo sikuwa nayo. Njia iliyobaki ilikuwa kuacha kuomba radhi, na mimi nimelelewa kwa kuomba radhi. Natoa pole kwa milango. Hamisi alipendekeza nihamie Kifaransa. "Si mnacho bure? Mwombe msamaha kwa hicho. Mbwa hajasoma." Nilijaribu nyuma ya nyumba, na kweli: nilipaza "pardon!" kila nilipokosea, na Piri akapita kama upepo, hajali kabisa.

Siku ya mashindano ya mwisho ya kipupwe nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi ilikuwa baridi, majani yamepauka, Dona Lurdes kwenye kiti chake cha kukunja amefunika magoti kwa blanketi. Vizuizi saba safi. Nilikosea hatua kwenye cha nane, nikasema "pardon", akaendelea. Kwenye cha kumi na moja nilijikwaa, na Piri ilibidi arukie pembeni asinigonge. Hapo niligundua kwamba hofu haisemi Kifaransa. "Pole!" nikapiga kelele. "Pole, Piri, pole, pole!"

Akapunguza. Nikaona anapunguza, nikaogopa zaidi, nikamwomba radhi kwa kumpunguza. Tulimaliza mbio tukiwa tumebeba makosa sifuri na muda wa msafara wa mazishi. Dona Lurdes aliinuka kwenye kiti chake. Alikunja blanketi.

Wiki iliyofuata Charlene alikuja na gari lake.

Baada ya siku kumi alirudi, na Piri kwenye kiti cha mbele, ametulia kama mkwe.

"Haelewi kitu," Charlene aliniambia. "Namwambia aruke, ananitazama. Namwambia aende kushoto, anakaa. Dona Lurdes anasema wewe ndiye mwenye maneno."

Nilimpa. Ruka, ingia, soka, kushoto, kuume, polepole ya daraja. Aliyaandika kwa kalamu ya wino mkononi, kwa herufi za kwao, na kuyatamka kama mtu anayetafuna tofi. Piri alisimama masikio juu. Charlene akasema "luka", na Piri akaruka. Sijui kama mmewahi kuona mtu mwingine akifungua mlango wa nyumba yenu kwa ufunguo wenu. Ndivyo nilivyohisi.

"Na nikitaka aongeze mwendo, namwambiaje?"

Sikuwa na neno la kuongeza mwendo. Piri hakuwahi kulihitaji. Ningeweza kumwambia hivyo.

"Pole," nikasema, kwa sauti tulivu kabisa. "Ukisema mara mbili ni bora."

Akaandika.

Nimejaribu kuandika aya hii mara kadhaa ili nionekane nilifanya kwa hasira ya ghafla. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na siku tano za kumpigia simu, na simu yangu ilikuwa na chaji. Niliosha mbwa kumi na wawili, mara moja moja kila mmoja, nikipiga mbinja.

Jumapili ilipofika nilisimama kwenye kamba inayozunguka uwanja. Charlene alianza vizuri, lazima niseme. Anakimbia kuliko mimi. Vizuizi vitano, Piri anapaa. Charlene akaona muda uko mzuri, akataka uwe mzuri zaidi.

"Pole! Pole!"

Piri akapunguza. Charlene akaongeza sauti. Piri akapunguza tena, hadi akawa anatembea, tumbo karibu na majani, masikio yamelala, akijiuliza atii vipi zaidi ya hapo. "Pole! Pole! Pole!" Katikati ya uwanja akajilaza kabisa, akitetemeka. Na hakumtazama Charlene. Alitazama kwenye kamba, akanitafuta hadi akaniona.

Kaka Hamisi alikuwa ameacha geti lake. Alisimama karibu nami, na safari hii hakucheka.

"Fausta. Hilo neno ni lako?"

"Ni langu."

"Basi nenda."

Nilikwenda. Charlene alikuwa ametoka uwanjani na Piri kwenye kamba, uso mwekundu, na Dona Lurdes amekaa pembeni. Nilisema kwa Kiingereza, vibaya, na safari hiyo sikujali nani anasikia, kwamba lile neno maana yake si haraka, ni kinyume chake, na kwamba nilijua.

"Kwa makusudi?" aliuliza Charlene.

"Kwa makusudi."

Kisha nikamtazama Piri, nikasahau Kiingereza chote. "Pole," nikamwambia. "Pole sana."

Piri akajilaza chini, miguu minne imenyooka, kidevu kwenye vumbi.

Charlene alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Eish," alisema, ule mguno wa mshangao wa watu wa hapa.

Dona Lurdes ndiye aliyetoa hukumu. "Hadi mwisho wa mwaka hutakimbia na mbwa yeyote. Utasimama hapo kwenye kamba na kumfundisha Charlene kila neno, pamoja na kulitamka. Ukimdanganya tena utaosha paka."

Tulifanya mazoezi kila Jumatano. Nilimweleza Charlene kwa nini hilo neno moja asilitumie kabisa nje ya daraja, na ilibidi nimweleze lilivyoharibika, yaani nimweleze mimi. Alisikiliza, akaniambia kwamba yeye akikosea huwa anatukana, na mbwa wake wa kwanza alifikiri tusi ndilo jina lake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miezi miwili baadaye alikuwa anatamka "ruka" vizuri kuliko binamu zangu waliozaliwa hapa.

Siku ya mashindano mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia, mawingu yamejaza upande wa migodi ya zamani, waamuzi wanaharakisha ili umeme usitukute uwanjani na mabomba ya chuma ya vizuizi. Charlene na Piri walianza. Nakiri kwamba hadi kizuizi cha kumi nilikuwa namwombea ufito uanguke. Mmoja tu. Nilikuwa nimeanza hata kuusindikiza kwa macho. Kisha Piri akafika kwenye daraja, Charlene akasema "polepole" kwa utulivu, na nyayo mbili za mbele zikatua kwenye rangi ya njano, pale pale, kama nilivyomfundisha kwenye ubao na kopo la rangi. Hapo nilisahau nilikuwa upande gani. Nilipiga kelele hadi mwamuzi akanionya.

Safi. Ndani ya muda. Dona Lurdes alisimama bila fimbo, jambo ambalo daktari wake alikuwa amelikataza, akakaa tena haraka. Kazi yangu ilikuwa kumsubiri Piri mwisho wa mbio na kumvisha kamba. Nilimvisha. Kinyume, lakini nilimvisha.

Hiyo ndiyo mbio safi pekee ya Piri katika kazi yangu yote, na sikuikimbia mimi.

Mwaka 2019 goti la Piri lilianza kulalamika, na daktari akasema msimu mmoja mdogo, kisha basi. Dona Lurdes alijaza fomu ya mashindano ya mwisho. Niliisoma juu ya meza ya kunyolea, nikaona jina langu.

"Dona, mpe Charlene. Yeye atapata safi."

"Safi nimekwisha ona," alisema. "Sasa nataka kucheka."

Siku hiyo sikuchora njia. Nilitembea uwanjani mara moja, nikarusha mikono kama kichaa mwenzangu yeyote. Tulipoanza nilichelewa kizuizi cha pili, na ufito ukaanguka. Neno likaja hadi kwenye meno. Nikaliacha hapo, nikasema "Ruka!", kwa sababu kizuizi cha tatu kilikuwa mbele yetu na mbwa alikuwa anahitaji kujua aende wapi, si kujua ninavyojisikia. Akaruka. Cha saba nilimwelekeza vibaya, akapita pembeni, nikamrudisha, tukaendelea. Ufito mwingine ukaanguka. Piri alikuwa anakimbia huku anabweka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya uwanjani, sauti nyembamba ya kukera, na nyuma yangu nilisikia Dona Lurdes akicheka, na Charlene akipiga kelele "Soka! Soka!", ingawa vijiti tulikuwa tumekwisha vipita. Kwenye daraja nilisema polepole, mara moja. Alipunguza, akakanyaga njano, na mara alipogusa majani akaondoka tena bila kuniuliza.

Fito mbili chini, na kizuizi kimoja tulikikosa kwanza. Kwa makosa tulikuwa wa mwisho katika mbwa wadogo wote. Kwa saa tulikuwa wa kwanza, na klabu haina utepe wa hilo.

"Vipi?" aliuliza kaka Hamisi getini.

"Vibaya," nikamwambia.

"Nimeona. Vibaya kwa kasi."

Dona Lurdes amehamia kwa binti yake pwani, na mbwa wa umri ule hafai kusumbuliwa na safari, kwa hiyo Piri anaishi kwangu. Shangazi anamwita "ile imbwa" na kumpa mifupa akidhani sioni. Jumatano nawafundisha wakimbizaji wapya, kwa Kiingereza changu kilichovunjika, mbele ya watu. Jumapili nipo kanisani. Nikikosea naomba radhi mara moja, kwa yule niliyemkosea, kisha naendelea na kazi.